Hardtop inavuma: shajara ya kutafuta milio, Mtwara

JUNI, GARI IMEFIKA

Kwa mnaouliza ni gari gani: Land Cruiser hardtop, HZJ75, injini 1HZ ile dizeli ya silinda sita cc 4164 isiyo na turbo, giaboksi ya gia tano, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za bapa kote, habu za mbele za kufunga kwa mkono. Imetoka Nachingwea. Ilisimama chini ya mwembe masika nzima kabla mjomba hajailipia, na hilo la kusimama naomba mlishike.

Mjomba anaitaka kwa ajili ya shamba Tandahimba, saa hizi watu wako kwenye salfa ya mikorosho, mabomba ya kupulizia na mifuko vinazunguka shamba hadi shamba, af Oktoba minada ya korosho ikianza kila mtu anatafuta gari. Mimi naitaka kwa ajili ya Msimbati wikiendi na siku moja Tendaguru, kule ndani ya Lindi Wajerumani walikochimba mifupa ya dainosaria kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Njia ya kule sio ya kwenda na gari inayolia na hujui inalia nini.

Na inalia kweli. Ukiondoka tu taratibu inapiga chwi chwi chwi chini huko. Ukikanyaga breki au ukitoka reverse kwenda mbele, TOK, mara moja, kama mtu kapiga chesesi na nyundo. Ukifika 50 inaanza kuvuma, vuuuu, na inapanda na spidi mpaka kufika 80 mnaongea kwa kupayuka. Ukikanyaga klachi kuna kijimlio cha kusaga. Hapo bado hatujaweka foo, yani magurudumu yote manne yavute.

Mjomba kasikiliza kutoka hapa mjini hadi Naliendele akahukumu: "Mpwa wangu, hiyo difu ya nyuma. Nimeendesha Land Rover mimi miaka hiyo, difu nazijua." (Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili.) Nikamwambia sawa mjomba ila tuisikilize kwanza. Akaguna.

Msimamo wangu kwenye huu mradi ni mmoja na nitaurudia mpaka mchoke: spea hainunuliwi mpaka mlio uwe umebanwa kwenye kona. Difu la mtumba unaliagiza Gerezani, Dar, linapakiwa kwenye basi usiku, linakuja kilomita zaidi ya 500, unalipia na mzigo, na ukishalifunga ukakuta vuuu iko pale pale hakuna wa kukurudishia hela, muuzaji atakwambia mbona umeshalitumia. Kupima ni bure, sana sana dizeli na jasho.

JUMAMOSI, CHAKI NA KUSUKUMA

Tumeanza na chwi chwi maana ndo rahisi. Fundi wetu ni mzee wa siku nyingi, ana gereji ya mabati tu na mti wa mkorosho, lakini ana masikio. Kaniambia "kijana, usiniambie inalia wapi, niambie inalia mara ngapi". Nikasema shikamoo fundi, fafanua.

Akachora alama ya chaki kwenye tairi ya nyuma, dogo wawili wakasukuma gari taratibu kwenye sakafu ya saruji ya jirani, mimi nimelala pembeni nahesabu. Hesabu yenyewe iko hivi: difu ya gari hii ni 4.11, maana yake tairi ikizunguka mara moja propela (ile shafti ndefu ya chini inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka mara nne na kidogo. Mlio ukija mara moja kwa mzunguko wa tairi, tafuta kwenye gurudumu: breki, beringi, tairi lenyewe, kokoto iliyobana. Ukija mara nne au zaidi, tafuta kwenye propela. Hii wewe unaweza kuifanya nyumbani kwako na chaki ya mtoto wa shule.

Ilikuja mara nne na ushee. Propela.

Tukaingia chini na tochi. Krosi ya nyuma (kile kiungo kinachokunja mwishoni mwa propela), upande wa difu, imezungukwa na unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe viwili kati ya vinne. Ule unga ndo ushahidi, maana yake sindano za ndani zimekauka zinajisaga. Bomba la grisi likawekwa kwenye nipeli, grisi ikatoka vikombe vitatu, cha nne kimegoma kabisa. Hapo hakuna ujanja, krosi inabadilishwa nzima. Krosi za hardtop hapa Mtwara zinapatikana, hatukuhitaji basi.

Jambo moja la kuangalia mkifungua propela: kabla hujaivuta weka alama kwenye flanji na difu, na kwenye ile sehemu inayoteleza iache ilivyo au itie alama pia. Macho ya krosi ya mbele na ya nyuma lazima yalale mstari mmoja. Ukiirudisha imejipinda jino kadhaa utakuwa umetoa chwi chwi ukaingiza mtetemo, na huo mtetemo utautafuta mwezi.

Chwi chwi imekufa. Mjomba kafurahi akasema sasa difu.

ILE TOK

Hii ilinipa raha kuitafuta. Mlio wa mara moja ukikanyaga breki na mara moja ukiondoka, yani kila mzigo unapobadili upande, ni kitu kimelegea kinatembea kidogo halafu kinagota. Wanaoweza kufanya hivyo ni wengi: krosi (tumeshabadilisha na TOK bado ipo), bushi za springi, shekeli zinazoshika ncha ya springi, yubolti zinazobana springi na ekseli, vishikio vya injini na giaboksi, meno ya propela, hata difu ikiwa imechoka.

Fundi kanipandisha mimi kwenye usukani, gari imesimama, gia ya kwanza, naachia klachi kidogo huku nimekanyaga breki, halafu reverse hivyo hivyo, mbele nyuma mbele nyuma, yeye yuko pembeni sio chini (nasisitiza pembeni, gari inayojaribu kuondoka hakai mtu chini) anaangalia kila kiungo na tochi. Injini inainama kawaida. Giaboksi imetulia. Ekseli ya nyuma upande wa kushoto inatembea! Yani unaona kabisa bapa ya chini na ekseli haviendi pamoja.

Tukapima kuhakikisha. Hii gari kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ni milimita 2980. Tairi zimenyooka, futi ikavutwa kulia, halafu kushoto. Kulia sawa. Kushoto imepungua kama unene wa kidole. Ekseli imesogea mbele.

Kufungua yubolti, senta bolti imekatika, na kutu kwenye mkatiko inaonesha imekatika zamani. Senta bolti ndo inayoingia kwenye tundu la ekseli kuzuia isiteleze juu ya springi, ikikatika kinachobaki ni mbano wa yubolti tu, na hizo yubolti zenyewe nati zilikuwa zinafunguka bila kutumia nguvu. Mtu kabeba mifuko ya korosho kupita kiasi kwenye rafu rodi, yubolti zikalegea, ekseli ikaanza kucheza, bolti ikakatika. Huo ndo mtiririko wa kawaida, kulegea kunatangulia kukatika, kwa hiyo ukikuta senta bolti imekatika usibadilishe hiyo peke yake ukaondoka, yubolti nne zote ziangaliwe, na zikazwe tena baada ya gari kutembea kidogo imebeba mzigo maana bapa zinajipanga upya.

Bushi za shekeli tumebadilisha hapo hapo, mpira ulikuwa umebaki hadithi. TOK kwaheri.

SASA VUUUU

Hapa ndo penye mradi wenyewe.

Kwanza jaribio la bure kuliko yote. Lami ya kutoka mjini kwenda Mnivata, asubuhi kabla bodaboda hazijachangamka, nimefika 70, nimetoa gia nikaweka nyutro, nikaacha mguu. Injini imeshuka ikabaki kuunguruma kwa chini, vuuuu haijabadilika hata kidogo, inashuka na spidi ya gari tu. Basi injini, klachi na feni vimeondoka kwenye orodha kwa pamoja. Nikarudisha gia nikapandisha, nikaachia ghafla, nikakanyaga tena. Mlio ule ule, haupandi ukikanyaga wala haubadili sauti ukiachia. Difu mbovu mara nyingi ina tabia: inalia ukikanyaga ikanyamaza ukiachia, au kinyume chake, kwa sababu meno yanabadili upande wa kusukumana. Hapa nikaanza kuwa na mashaka na difu ya mjomba ila sikusema, mkubwa hukumu yake haivunjwi kwa jaribio moja.

Pili tairi. Tairi za matope 7.50R16 zina kelele zake na wengi wamebadilisha beringi nzima wakati tatizo ni tairi zilizolika kwa ngazi. Shemeji ana hardtop ya aina hii hii yenye tairi za lami, tukabadilishana magurudumu manne asubuhi moja. Vuuuu ipo, na gari yake haikuanza kuvuma. Tairi kwaheri.

Tatu, habu. Hapa ndo uzuri wa gari yenye habu za mkono. Ukiziweka fri, yani umeziachia, na transifa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) iko kwenye mbili, difu ya mbele, propela ya mbele na shafti za ndani zote zimesimama, magurudumu ya mbele yanazunguka juu ya beringi zake peke yake. Ukizifunga, vyote vinazunguka. Tumeenda fri, tumerudi tumefunga, hakuna tofauti. Kwa hiyo difu na propela ya mbele, nje.

Nne ni kuyumbisha. Spidi 60, barabara nyeupe haina mtu, unayumba taratibu kulia halafu kushoto. Ukikata kulia uzito wa gari unahamia kushoto. Kukata kulia, vuuuu inapanda. Kukata kushoto, inapungua karibu kunyamaza. Kushoto basi! Kitu cha upande wa kushoto chenye kubeba uzito. Difu iko katikati, haijali sana unayumba wapi.

Nikamwelezea mjomba kwa adabu zote. Akasema "kushoto sawa, lakini inasikika nyuma. Kaa kiti cha nyuma usikilize." Na kweli, ukikaa nyuma inasikika iko chini ya makalio yako kabisa. Fundi naye alikuwa upande wa nyuma, ila yeye anasema beringi ya nyuma kushoto. Kura mbili za nyuma dhidi ya yangu ambayo sina hata jibu.

JULAI, TUNATOA HAFSHAFTI

Ili ubishi uishe nikapendekeza jaribio ambalo fundi kwanza alicheka halafu akalipenda. Ekseli ya nyuma ya hii gari uzito haubebwi na hafshafti (zile shafti mbili za kutoka kwenye difu kwenda magurudumuni), unabebwa na habu juu ya bomba la ekseli, hafshafti kazi yake ni kuzungusha tu. Maana yake unaweza kuchomoa hafshafti zote mbili na gari ikasimama kwenye magurudumu yake kama kawaida. Ukitoa na propela ya nyuma, ukafunga habu za mbele ukaweka transifa kwenye nne, gari inavutwa na mbele peke yake, na difu ya nyuma imesimama kimya, haizunguki hata kidogo. Kutoa propela peke yake hakutoshi, zingatieni, kwa sababu magurudumu yataendelea kuzungusha difu kupitia hafshafti.

Kuchomoa kuna kaujanja kake. Kwenye flanji kuna nati sita, ukitoa nati flanji haitoki, kwa sababu kila stadi ina washa ya koni imejibana. Usichokonoe na bisibisi. Chukua nyundo ya shaba, gonga katikati ya flanji kavu kavu, pa, pa, koni zinaruka zenyewe (weka mkono au tambara, zinaruka kweli na zikidondoka mchangani utazitafuta na sumaku). Hafshafti ikavutika na oili kidogo, mdomo wa habu tukauziba na kipande cha plastiki cha dumu kilichokatwa mviringo kikabanwa na nati zile zile, vumbi lisiingie kwenye beringi. Na ukipaki gari ikiwa hivyo tafuta mawe ya kuzuia, magurudumu ya nyuma hayajashikwa na gia.

Gari ya kuvutwa na mbele tu inaendesheka, ila kwa adabu, hakuna kukanyaga kwa fujo, shafti za mbele hazikuzoea kazi yote. Tukaenda lami ile ile. 50... 60... vuuuuuu.

Difu imesimama na bado inavuma. Mjomba alikuwa ndani ya gari safari hiyo kwa makusudi, nilimwomba aje. Kanyamaza kidogo akasema "basi angalau iangalieni oili yake".

Na hapo alikuwa na haki! Kufungua pulagi ya chini ya difu, oili imetoka rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia. Mtu kavuka maji difu ikiwa ya moto, ikapoa ghafla, hewa ya ndani ikajikunja ikavuta maji kupitia sili kwa sababu kipumulio cha juu ya ekseli kimeziba na udongo. Tulikitoa, kimejaa tope jekundu limekauka kabisa. Sumaku ya pulagi ina uji laini wa chuma usio na vipande, huo ni wa kawaida, vingekuwa vipande vya meno tungekuwa na mazungumzo mengine. Tumesafisha na dizeli, tumeweka oili ya 90 mpya aina ya GL-5, kipumulio kipya na mpira mrefu tumeupandisha mpaka juu kwenye bodi. Tutaikagua tena oili hiyo baada ya muda, maji yaliyojificha hayatoki yote mara moja.

SIMU NA MPIRA WA TYUBU

Zimebaki beringi mbili za kushoto, mbele na nyuma. Zote mbili, gurudumu likiinuliwa halina mchezo, unashika juu na chini unatikisa, kimya. Unazungusha kwa mkono huku vidole vimegusa springi kusikilizia mkwaruzo, kimya. Ila beringi isiyobeba uzito inaweza kukudanganya, gari ikiwa juu ya jeki haibebi chochote.

Kuna vifaa vinauzwa vya vipaza sauti unavifunga chini ya gari unasikiliza kila kona ukiwa unaendesha. Sisi tumetumia simu ya dogo. Tumeifunga kwenye soksi, soksi tukaibana kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye bapa la springi karibu na ekseli, mbele kushoto, tukarekodi kipande kile kile cha lami, spidi 60. Halafu nyuma kushoto, kipande kile kile, spidi ile ile. Halafu kulia zote mbili kwa kulinganisha. Usibadilishe chochote kingine, vioo vimefungwa, gia hiyo hiyo, mahali hapo hapo.

Jioni tukakaa gerejini tukasikiliza na spika. Nyuma kulia: upepo na lami. Mbele kulia: upepo na lami. Nyuma kushoto: vuuu kwa mbali. Mbele kushoto: fundi kaweka kikombe cha kahawa chini. Sio vuuu tena, ni grrrrr, unasikia kabisa vitu vinakanyaga vishimo.

Mbele kushoto, watu watatu wenye masikio mazima tumeisikia nyuma. Maelezo yake mimi naona ni bodi. Hardtop nyuma ni sanduku refu la bati, tupu, halina zulia wala dari ya kitambaa, mlio unaingia kwenye chesesi mbele unatembea na chuma mpaka upate bati la kutetema, na bati kubwa liko nyuma. Sikio linasikia panapotetema.

KUFUNGUA HABU

Habu ya mbele ilifunguliwa kwa boksi spana ya 54, kama huna usianze na patasi, nati hizo zikiharibika meno ya nje utajuta. Nati mbili, katikati yake washa yenye masikio ya kukunja. Beringi ya nje nzuri. Ya ndani ndo mgonjwa wetu. Grisi imekuwa ya kijivu na maji ndani yake, na kikombe (ile ringi ya nje ambayo rola zinakanyaga) kilichobaki kwenye habu ukikipitisha ukucha unasikia mistari, mistari yenyewe imepangana kwa nafasi sawa sawa, nafasi ile ile ya rola na rola, upande mmoja tu wa kikombe. Mwembe wa Nachingwea huo. Gari ilisimama masika nzima, maji yakiwa ndani ya habu, kila rola ikala kutu pale pale ilipokuwa imelala. Ilipoanza kutembea tena vile vidonda vikamomonyoka vikawa vishimo, na kila rola inayopita inagonga. Tairi la 7.50R16 linazunguka kama mara 400 kwa dakika ukiwa 60, sasa rola zote hizo zikipita kwenye vishimo vyote hivyo, utasikia kugonga wapi, utasikia vuuu.

Tumebadilisha beringi ya ndani na ya nje pamoja na vikombe vyake na sili, kushoto. Kulia tumefungua tukakuta pazima, tumesafisha na kupaka grisi mpya. Vikombe vya zamani usivibakize hata kama vinaonekana vizuri, beringi na kikombe vinaingia kama jozi.

Kukaza ndo pana ubishi mwingi magerejini. Wengine wanakaza mpaka basi halafu wanarudisha robo. Sisi tumekwenda soko la samaki tukaazima mizani ya ndoano. Unakaza nati ya ndani huku unazungusha habu ili rola zikae, unalegeza, unakaza tena kidogo kidogo, kila mara unaweka ndoano kwenye stadi ya tairi unavuta taratibu uone mizani inasoma ngapi habu inapoanza kuzunguka. Tunachotaka ni kati ya kilo 3 na 5 na nusu hivi. Chini ya hapo itacheza, juu ya hapo itaungua. Ukifunga nati ya pili pima tena, kwa sababu ikikazwa inasukuma ya kwanza na namba inapanda. Mwenye mizani alikuja kuangalia mizani yake inapimia nini, akakaa mpaka mwisho akatoa na ushauri.

Lami. 50, 60, 80. Naisikia redio. Mjomba kaomba kuendesha mwenyewe mpaka Mnivata na kurudi, kanirudishia ufunguo akasema "lakini oili ya difu ilikuwa mbaya". Nimekubali, ilikuwa mbaya.

AGOSTI, MSIMBATI

Tumeipeleka mchangani kupitia Madimba, maji yamekupwa, tairi tumepunguza upepo, foo imewekwa kwa mara ya kwanza kwa kazi kweli. Kwenda moja kwa moja safi. Kukata kona kali kushoto ukiwa umefunga habu: ka ka ka ka. Habu ukiziweka fri, kimya. Hiyo haina mjadala, ni sivi jointi ya mbele, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona, inalia ikikunjwa huku inavuta.

Tumerudi tumeiosha chini yote kwa maji yasiyo na chumvi (pwani hii ukiahirisha kuosha siku moja kutu haikusubiri), halafu tukafungua lile tufe la mbele jointi inamokaa. Ndani hakuna grisi, kuna supu nyeusi. Sili ya ndani ya ekseli imechoka, oili ya difu imevuja ikaingia kwenye tufe ikayeyusha grisi yote. Mipira ya sivi jointi imechimba njia zake, kidogo, sio ya kutupa. Fundi kafanya jambo ambalo wenye hizi gari wanalijua: jointi ya kulia kaihamishia kushoto, ya kushoto kulia, shafti za ndani zikibaki pande zake kwa sababu urefu wake tofauti. Gari ikienda mbele sasa inasukuma upande wa njia ambao haujalika. Sili mpya, grisi nyeusi ya moli imejazwa kwa mkono, na tumekubaliana nati za habu zipimwe upya kwa mizani maana tumefungua tena.

Ka ka ka imepungua sana, kwenye kona ya mwisho kabisa bado inadonoa moja moja. Kwa Tandahimba inatosha, kwa Tendaguru nataka jointi mpya nyuma ya kiti kama akiba.

KILICHOBAKI

Klachi. Mlio unakuja ukikanyaga pedali na unaondoka ukiachia, hiyo ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie (ingekuwa kinyume chake, inalia ukiachia na kunyamaza ukikanyaga, ningeshuku beringi ya mbele ya giaboksi). Kushusha giaboksi kwa ajili ya rilizi peke yake ni kujitesa, itasubiri klachi plate ifike nayo ibadilishwe mara moja. Mkanda wa taiming hatujui umebadilishwa lini, kilomita za kwenye dashibodi hazisomi, kwa hiyo tunauhesabu kuwa umekwisha, wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000 na kupata uhakika wa mwenye gari wa zamani haiwezekani. Huo na tensheni yake vimeagizwa, vinakuja na basi la Ijumaa.

Mjomba anataka gari Jumatatu ikachukue salfa. Nimemwambia Jumatano.